Ubavu wa Manjano

Aliyeitia shaka ile picha hakuwa daktari wala askari. Alikuwa mhudumu wa chumba cha maiti, mtu ambaye kwa miaka ishirini hakuna aliyewahi kumwuliza maoni yake juu ya jambo lolote, na maneno yenyewe aliyatamka huku akitafuta kalamu ya kutilia saini daftari.

"Yupi? Yule mshonaji wa ubavu wa manjano?"

Inspekta alikuwa amekwenda pale kuchukua karatasi moja iliyokosekana kwenye faili. Aliirudisha mezani.

"Rudia."

"Mshonaji. Binti maji ya kunde, alikuja Jumamosi asubuhi. Si alikuwa na manjano hapa?" Mhudumu alijishika chini ya mbavu za kushoto. "Katikati kahawia, pembeni manjano yenye ukijani."

"Faili linasema nyekundu."

"Basi faili linajua zaidi," mhudumu alisema, kwa sauti ya mtu mwenye mabosi wengi, akaendelea kutafuta kalamu.

Katika faili hilo kulikuwa na picha moja iliyobeba kesi nzima. Daktari kijana aliyempasua marehemu aliandika mstari mmoja tu: mchubuko ubavu wa kushoto, wengu umepasuka. Rangi hakuandika. Inspekta alikuwa na maneno yake juu ya kijana huyo, na mengine hayafai kuchapishwa. Maiti ilikwisha kuzikwa, kwa hiyo Daktari Mkuu alipoulizwa mchubuko ule ulikuwa wa lini, alitazama picha. Akasema kingo ni nyekundu na zambarau, manjano haipo popote, na manjano haitokei kabla ya saa kumi na nane kupita tangu mtu apigwe. Mshonaji alikata roho Jumamosi saa kumi na moja alfajiri. Kwa hiyo alipigwa baada ya saa tano asubuhi ya Ijumaa.

Mumewe, dereva wa lori, alikuwa safarini tangu Jumapili na aliingia nyumbani Ijumaa hiyo saa kumi na mbili jioni. Majirani walisikia wakigombana. Wiki yote mkewe alikuwa kwa mama yake mzazi, na mama alikula kiapo kwamba binti yake aliondoka pale Ijumaa mchana akiwa mzima kama kigongo. Kwisha maneno.

Dereva alikana siku nane. Siku ya tisa Inspekta alimwekea ile picha mezani tangu asubuhi hadi alasiri, bila tone la maji, akimwuliza swali lile lile. Mwishowe Dereva akasema: "Kama picha inasema hivyo, labda nilimpiga. Nilikuwa nimekunywa. Labda nilimpiga." Inspekta aliyaandika, Dereva akatia saini. Jioni ile Inspekta alikwenda nyumbani akijiona mpelelezi hodari. Sasa zilikuwa zimetimia siku kumi na tisa tangu Dereva akamatwe, na kesho saa nne asubuhi faili lilipaswa kuwa mezani kwa mwendesha mashtaka, na kosa lenyewe adhabu yake ni kitanzi. Mama wa marehemu alifika kituoni kila siku, akakaa kwenye benchi la mlangoni na kuuliza mkwewe atanyongwa lini. Kila siku Inspekta alimjibu: bado kidogo, mama.

Kutoka chumba cha maiti Inspekta hakurudi kituoni. Alitoa kadi ya kamera kwenye kasha la vielelezo lililokuwa garini, akaenda moja kwa moja kwa aliyeichapisha picha.

Studio ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vioo. Printa ya kituo ilikufa mwaka juzi, zikaandikwa barua tatu za kuomba nyingine, na tangu hapo picha za ushahidi zilichapishwa hapa, katikati ya maharusi na wahitimu. Mwenye studio aliitwa Profesa. Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu hakuweza kumkabidhi mtu picha bila kumkabidhi na somo.

"Picha zangu hazisemi uongo, afande," alisema kabla hajaulizwa kitu.

"Tutaona. Washa mashine."

Inspekta aliifungua bahasha ya kadi mbele yake, akamtaka aandike saa na kutia saini juu ya bahasha. Kisha akaiweka picha ya faili chini ya taa. "Chapisha hii hii, vilevile ulivyofanya siku ile. Kila unachobonyeza, kitaje kwa sauti."

"Mimi si mtoto."

"Ndiyo maana nakuomba. Mtoto ningemtandika."

Profesa alianza na matundu ya wino. Printa ikatema karatasi yenye mistari myembamba ya kila rangi. Inspekta akaipeleka dirishani na kuipitia mstari kwa mstari. Tundu likiziba, mstari hukatika, na manjano ikikatika, picha nzima huvutwa kwenye wekundu na zambarau. Mistari ya manjano ilikuwa mizima, haina pengo hata moja.

"Karatasi?"

"Ile ile. Nzito, isiyong'aa. Boksi hilo hapo."

"Nani anageuza rangi? Kompyuta au printa?"

Kwa mara ya kwanza Profesa alimtazama kama mtu wa kuzungumza naye. Hakujua kwamba Inspekta aliwahi kukaa miezi saba kwenye kesi ya vyeti bandia, na kwamba waliokwenda jela walimfundisha mengi kabla ya kwenda.

"Kompyuta peke yake. Upande wa printa nimezima. Wakigeuza wote wawili, mtu anatoka mwekundu kama kachomwa na jua."

"Nionyeshe palipozimwa."

Palikuwa pamezimwa. Picha ikaanza kushuka taratibu, ubavu wa mwanamke asiye na uso, kipimo cha sentimita kimewekwa pembeni. Mchubuko ulitoka mwekundu, katikati zambarau. Kwenye skrini pia ulikuwa mwekundu. Profesa akailaza picha mpya kando ya ile ya zamani na kurudi nyuma hatua moja ili mgeni wake azifaidi.

"Mapacha," alisema.

Inspekta alifarijika, na hakujipenda kwa kufarijika. Mhudumu alikuwa ameona maiti wengi mno, akawachanganya. Mwenye kosa yuko mahabusu, karatasi zina saini yake, kesho saa nne faili linakwenda. Alikuwa tayari amenyoosha mkono kuchukua kadi yake alipokumbuka kitu kimoja ambacho hukiuliza kila mahali penye mashine.

"Printa yako inaweka kumbukumbu?"

"Ya nini?"

"Ya kila inachochapisha. Fungua ile siku."

Profesa hakufanya haraka. Orodha ilipofunguka, Inspekta aliisoma kwa kidole. Picha ya ubavu ilikuwa imechapishwa saa tano na dakika kumi. Mstari uliofuata, picha ile ile, saa tano na dakika kumi na sita.

"Tuliagiza nakala moja," Inspekta alisema.

"Ya kwanza iliharibika."

"Vipi?"

"Iliharibika tu. Mashine hukosea."

"Dakika tano zilizopita mashine yako haikuwa na kosa." Inspekta aliufunga mlango, akageuza ufunguo, akaichukua simu ya Profesa iliyokuwa juu ya meza na kuitia mfukoni mwake. "Dakika sita. Nani aliingia humu katika dakika hizo sita?"

"Hakuna."

"Nani alikuomba uibadilishe? Alikuja mama yake? Alikuja ndugu?"

"Afande, hakuja mtu."

"Sikiliza, Profesa. Kuna mwanamume anakwenda kunyongwa kwa karatasi iliyotoka kwenye mashine hii. Nikigundua ulimkaribisha mtu hapa, nitakulaza chumba kimoja na huyo wa kunyongwa, kisha nitamweleza wewe ni nani. Mimi nitaenda kunywa chai."

Profesa alikuwa mtu mzima, mwenye mvi na suruali iliyopigwa pasi. Kijasho kilimtoka kwenye paji la uso na hakuthubutu kukifuta.

"Ilitoka ya manjano," alisema.

"Nini?"

"Ya kwanza. Ilitoka mgonjwa. Ubavu umekuwa manjano, ukijani pembeni, ngozi imepauka. Ilikuwa aibu, afande. Asubuhi ile nilikuwa nimeweka programu upya, ikajichukulia profaili ya kiwandani badala ya yangu. Nikaichanachana, nikarudisha yangu, nikachapisha tena. Ikatoka nzuri."

Profaili ni maelekezo ambayo printa hupewa: kwa karatasi hii na wino huu, udondoshe kiasi gani ili rangi iliyo kwenye faili itoke ilivyo. Kila karatasi ina ya kwake, na fundi anayejiheshimu hatumii ya kiwandani, hutengeneza mwenyewe kwa vipimo. Profesa alijiheshimu sana.

"Yako inaitwaje?"

"Uso Safi."

Inspekta alilitazama jina hilo kwenye skrini kwa muda. "Na hii skrini? Kwa nini nayo inaonyesha nyekundu?"

"Nimeifunga ioneshe kama karatasi itakavyotoka. Mteja akisimama hapa, anachokiona ndicho anachokwenda nacho."

"Ifungue."

Profesa aliondoa alama moja ndogo. Kwenye skrini, bila picha kusogea hata kidogo, ubavu ukabadilika. Wekundu ukarudi ndani, na kuzunguka mchubuko wote ukatokea ukingo wa manjano upana wa vidole viwili. Chini dukani mtu alikuwa anakata kioo.

"Skrini si ushahidi," Profesa alisema hatimaye, lakini kwa sauti ya chini.

"Sawa. Basi tupime."

Profesa alikuwa na chati ya kununua, miraba ishirini na nne ya rangi, kila mmoja na namba zake zinazojulikana. Alikuwa pia na kidude cha kusomea rangi, ukubwa wa mche mdogo wa sabuni, ambacho huwekwa juu ya karatasi na kusema bila upendeleo rangi iliyopo ni ipi. Aliichapisha chati kwa profaili yake, akaiacha ipoe, kisha akaanza kusoma mraba baada ya mraba. Inspekta aliandika tofauti kati ya namba iliyotakiwa na namba iliyotoka.

"Tofauti ya moja au mbili huioni kwa macho," Profesa alisema. Somo lilikuwa linamtoka hata sasa. "Ikipita tatu unaanza kuiona. Kijivu, moja. Buluu, mbili. Nyekundu, mbili. Manjano safi, moja. Unaona, afande? Manjano, moja."

"Endelea."

"Ngozi." Akasita. "Tisa."

"Endelea."

"Manjano iliyofifia, ile ya kuelekea kahawia." Alikisogeza kidude, akakibonyeza tena, akakiinua akaupangusa uso wake wa kioo kwa ncha ya shati, akabonyeza mara ya tatu. "Kumi na nne."

"Imekwenda upande gani?"

"Kwenye nyekundu."

Inspekta alifunika kalamu. "Mashine ikikosea hukosea kila mahali. Hii yako kijivu inapatia, buluu inapatia, inakosea kwenye miili ya watu tu. Hiyo si hitilafu. Hiyo ni kazi ya mkono. Mkono wa nani?"

Profesa alikaa kwenye kiti cha wateja, mbele ya pazia la maua.

Ilikuwa miaka minane iliyopita, alisema. Watu walikuwa wanatoka na nyongo usoni. Maharusi wanakuja wamepambwa, picha inatoka kama wamelazwa wiki mbili. Hakuna anayetaka hivyo. Akaifungua profaili yenyewe, akaishika ile manjano iliyokufa, na hiyo peke yake, akaivuta kwenye wekundu mpaka kila mtu akapendeza. Kisha akaisahau. Kila akibadilisha karatasi alihamisha marekebisho yale yale kwenye profaili mpya bila kuwaza, kama mtu anavyohamisha picha za ukutani anapohama nyumba.

"Watu wanatoka mbali kuja kupigwa picha hapa," alisema. "Wanasema kwa Profesa hutoki mbaya."

"Hata maiti."

"Sikufikiria maiti, afande. Nilifikiria ngozi."

"Uliiona ikiwa ya kweli. Ulikuwa nayo mkononi."

"Nilidhani imekosea."

Inspekta hakumtukana. Alikuwa na matusi ya kutosha, lakini alihitaji mikono ya mzee huyu itulie. "Tengeneza profaili mpya. Ya vipimo tu. Ukiugusa umanjano kwa huruma yoyote, nakuvunja vidole."

Kazi hiyo ilichukua sehemu kubwa ya mchana. Kurasa tatu za miraba midogo, miraba mia tisa, zilichapishwa bila profaili yoyote. Zikaachwa saa nzima zikauke, kwa sababu wino mbichi husomeka tofauti na mkavu. Inspekta alikaa akizilinda. Profesa aliuliza kama angeweza kwenda chini kununua maji, akaambiwa hapana.

"Huyo mwanamume," alisema baadaye. "Mumewe. Anasemaje?"

"Amekiri."

"Amekiri? Sasa kama amekiri..."

"Amekiri picha yako. Nilimwekea mbele akaitazama kwa muda wa saa nane. Sasa anaamini alimpiga mkewe. Anaomba msamaha usiku mpaka wenzake wanamrushia viatu."

Karatasi zilipokauka Profesa alizisoma mstari kwa mstari, kidude kikiteleza na kulia kila kilipomaliza safu, na kompyuta ikatengeneza profaili. Wakaipima kwa chati ile ile. Ngozi, moja. Manjano iliyofifia, mbili. Ndipo wakaichapisha picha.

Inspekta aliitazama chini ya taa, kisha akaipeleka dirishani, maana kuna wino unaokubali taa na kukataa jua. Kote kuwili ilikuwa ile ile. Kahawia katikati, kijani hafifu, kisha pete ya manjano, pana, iliyotulia. Ulikuwa mchubuko uliokuwa na siku zake. Saa tano asubuhi ya Ijumaa na kabla ya hapo, Dereva alikuwa barabarani, na alipita mizani saa nane mchana wa siku hiyo, mikoa miwili mbali, kwa mhuri ambao Inspekta mwenyewe aliubandika kwenye faili akiuona hauna maana.

Alimfanya Profesa aandike kila hatua kwa mkono wake na kutia saini nyuma ya nakala mbili. Akamrudishia simu.

"Tangu mwaka juzi umetuchapishia picha ngapi za miili?"

Profesa alifungua orodha, akahesabu kwa midomo. "Mia mbili na kumi na kitu."

Inspekta alikuwa na kalamu mkononi na daftari wazi. Namba hiyo hakuiandika.

Daktari Mkuu alimpokea kwa kusimama, ili ajue hatakaribishwa kukaa. Aliitazama picha mpya, akavua miwani, akaivaa.

"Nani ameibadilisha?"

"Fundi wa picha za harusi. Ile ya kwanza ndiyo iliyobadilishwa. Ulikula kiapo juu yake."

"Nilikula kiapo juu ya nilichopewa." Aliisogeza dirishani. "Zaidi ya saa kumi na nane. Siku nne, siku tano. Sitasema zaidi ya hapo."

"Na wengu? Mtu apigwe Jumatatu, afe Jumamosi?"

"Hutokea. Wengu unavuja kidogo kidogo ndani ya ganda lake, mtu anatembea, anakula, anasema maumivu yamepungua. Siku moja ganda linapasuka. Kikohozi kinatosha. Kubeba mzigo kunatosha. Ningeyasema haya tangu mwanzo, kama ningeulizwa."

"Ungeulizwa na nani? Na maiti?"

Alitoka bila kuaga. Garini alimpigia koplo wa zamu. "Yule Dereva mpe maji. Mpe na blanketi la pili. Usimwambie kitu."

Mama wa marehemu alikaa chumba na sebule nyuma ya karakana ya magodoro. Alikuwa amerudi kutoka kwenye benchi lake la kituoni muda si mrefu, na alikuwa akikunja nguo za binti yake na kuzipanga kwenye begi. Alipomwona Inspekta mlangoni, uso ulimchangamka.

"Umekuja kuniambia siku, mwanangu?"

"Nimekuja kukuuliza kidogo, mama. Keti."

"Uliza. Mimi sina la kuficha."

Inspekta alifungua maelezo ya mama mwenyewe, yaliyoandikwa wiki ya kwanza. "Ulisema mkweo alimleta binti yako hapa Jumapili, na mpaka Ijumaa mchana hakutoka mlangoni."

"Hakutoka. Alikuwa na mimi usiku na mchana."

"Hakuja mgeni?"

"Nani aje kwangu? Tulikuwa wawili tu."

"Hakuanguka? Hakujigonga mahali?"

"Aliondoka buheri wa afya. Nimeshaapa, na nikitakiwa naapa tena."

"Apa tena, mama."

Mama akaapa. Inspekta aliyaandika yote taratibu, akamsomea, akampa kidau cha wino abonyeze dole gumba. Ulikuwa ukatili, na aliujua. Alitaka kila mlango mama aufunge mwenyewe. Kisha akaiweka picha mpya juu ya meza.

Mama aliiinamia. Hakupiga kelele. Mkono wake wa kulia ulitoka, ukasimama hewani juu ya karatasi, halafu ukashuka kando yake kwenye kitambaa cha meza na kuanza kuzunguka polepole, kiganja kikikandamiza.

"Hii ndiyo," alisema. "Alhamisi ilikuwa hivi hivi."

"Nini ilikuwa hivi?"

"Si niliyokuwa namkanda. Kwa maji ya moto, asubuhi na jioni. Alhamisi nikamwambia, unaona, imegeuka manjano, inapona. Akasema kweli mama, haiumi sana."

"Nani alimpiga?"

Mkono ulikuwa bado unazunguka. "Alisema mumewe kapata kituo kipya, wanahama. Mji gani huko, sijui. Nikamwambia, na mimi unaniacha na nani? Akasema mama, watu wanahama. Hivyo tu. Watu wanahama." Mkono ukasimama. "Mara moja. Nilikuwa na mchi wa kinu. Mara moja tu, mwanangu."

"Siku kumi na tisa unakaa kwenye benchi langu unauliza mwenzio atanyongwa lini."

"Mlinionyesha nyekundu."

"Ulijua ulichofanya."

"Mlinionyesha nyekundu!" Kisha sauti ikashuka. "Wewe mwenyewe uliniletea, ukaniuliza kama ndiye. Nilikuja kituoni nikijua nimemuua. Nilikuwa nimekuja kusema. Ukafungua faili, nikaona mbichi, imewiva wekundu. Nikasema, yangu ilipona. Hii ni ya kwake. Nilimshukuru Mungu mpaka nikalia. Ninyi mkadhani nalia uchungu, mkaniletea kiti."

Inspekta alikumbuka kiti hicho. Ni yeye aliyekivuta.

"Ile ya kwanza bado ipo?" mama aliuliza.

"Ipo."

"Nionyeshe ile."

"Ile ni ya uongo, mama."

"Najua. Nionyeshe tu."

Ilikuwa ndani ya faili, chini ya kiwiko chake. Hakuna sheria iliyomkataza kuitoa, na mama hakuwa akiomba kitu kikubwa. Inspekta aliisogeza ile ya manjano mbele zaidi, mpaka ukingo wake ukaugusa mkono wa mama, akafungua ukurasa mpya.

"Jumatatu, saa ngapi?"

"Saa nane. Saa tisa. Tulikuwa tumemaliza kula."

"Alikuwa amesimama au ameketi?"

"Amechuchumaa. Pale uani."

"Alikuwa anakutazama?"

"Alinipa mgongo."

"Anafanya nini?"

Inspekta alisubiri, kalamu imegusa karatasi, na hakumwondolea macho.

"Ananioshea vyombo," mama alisema.